Naogopa kuvuka mkondo wa Nungwi na watoto, mama anasema imani yangu imepungua

Mtoto wa Kangani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana barza. Na wasio Waislamu nawasalimu pia, uzi huu ni wa kila anayemwamini Mungu.

Mwezi huu wa saba mdogo wangu anaoa Mkoani, Pemba. Mie nakaa Unguja, nina mke na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Tiketi za ndege kwa familia nzima siziwezi, imebaki boti. Na kusi, upepo wa kusini, ndiyo hii imeshika, kila anayeteremka Malindi akitokea Pemba uso umemparama.

Nilimpigia mama nikamwambia pengine nije peke yangu, mke na watoto wabaki. Akanyamaza. Kisha akasema: "Mwanangu, imani yako imepungua. Soma Ayatul Kursi, panda chombo, Mungu yupo."

Neno lile halijanitoka. Nasali, nyiradi za asubuhi na jioni naleta. Lakini Septemba 2011 nilikuwa mjini na Maisara nilifika, nikaona maiti walivyolazwa watu wakipita kutafuta wao. Waliokuwemo Spice Islander, meli iliyozama ikielekea Pemba, wengi wao ni watu wa Pemba waliokuwa wakirudi kwao, Ramadhani imetoka juzi tu, sikukuu ndiyo kwanza imekwisha. Mnadhani hawakusoma? Walisoma kuliko mie ninavyosoma nimekaa na kikombe cha chai.

Basi suali langu ni hili. Mtu akisema "Mungu atanilinda", anakusudia nini hasa? Na khofu ni dhambi? Nataka mazungumzo, msinibandikie dua ndefu mkaondoka.

---

Pweza Mkavu

Wa alaykum salaam. Yakhe, siku yako kama haijafika hufi hata boti ipinduke. Ikifika utakufa kitandani umejifunika shuka. Panda. Mie Nungwi natapika tu kila safari na bado nipo nakusumbueni humu.

---

Kijana wa Chukwani

Pweza, kama ni hivyo bodaboda unavaa kofia ngumu ya nini?

---

Pweza Mkavu

Naogopa trafiki.

---

Ustadh wa Kiuyu

Wa alaykum salaam warahmatullah. Ndugu yetu wa Kangani kauliza mambo mawili. Naanza na la khofu kwa sababu ndilo linalomuumiza.

Khofu ya maumbile si dhambi. Nabii Musa (AS) katika Sura ya Al-Qasas alitoka mjini akiwa na khofu, anaangaza huku na huku. Katika Taha, wachawi walipotupa kamba zao, Qur'ani inasema alihisi khofu nafsini mwake. Huyu ni mtu aliyesema na Mola wake. Kama khofu ingekuwa ni upungufu wa imani, Musa asingetajwa nayo zaidi ya mara moja mbele ya umma wote.

La pili, ulinzi. Watu wetu wanalipenda sana neno la pangoni, "Usihuzunike, hakika Allah yu pamoja nasi", limo katika Sura ya At-Tawba aya ya 40. Wanaliandika mpaka kwenye vioo vya daladala. Lakini tazameni lilisemwa baada ya nini. Mtume (SAW) alitoka Makka usiku. Madina iko kaskazini, yeye akaelekea kusini, kwenye jabali la Thaur, ili wanaomtafuta wapotee. Akakaa pangoni siku tatu mpaka msako upoe. Abdullah, mwana wa Abubakar, mchana alikuwa Makka akisikiliza Maquraishi wanapanga nini, usiku analeta habari. Asmaa akiandaa chakula. Amir bin Fuhayra akipitisha mbuzi, maziwa wakapata na nyayo zikafutika. Na wa kuwaongoza njia alikodiwa Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa anaijua njia.

Hayo yote kayafanya mtu aliyeahidiwa kulindwa na Mola wake! Kisha maadui wakafika mpaka mdomoni mwa pango, Abubakar akasema mmoja wao akitazama chini ya miguu yake atatuona. Hapo hapana tena mbuzi, hapana mpelelezi wala mwongoza njia. Hapo ndipo lilipotoka lile neno.

Sasa sie tunalichukua neno la mdomoni mwa pango tunalitumia gatini, mtu hata hajauliza boti imepakia watu wangapi.

---

Mti Mkuu

Maneno mazuri ustadh. Mie nashauri kwa wepesi tu, yupo mzee Pemba anaandika kombe kwa zafarani, watoto wanywe siku tatu kabla ya safari, na kuna kihirizi cha baharini. Anayetaka anitumie ujumbe.

---

Ustadh wa Kiuyu

Kombe la aya wanavyuoni wamekhitilafiana, sitafungua mlango huo hapa. Kihirizi cha kuuzwa kwa ujumbe wa siri mie simo.

---

Msimamizi

Biashara hapana kwenye jukwaa hili. Mti Mkuu, namba yako nimeifuta. Tuendelee.

---

Mwl. Mkunazini

Nawasalimu wote. Mimi ni Mkristo, nafundisha skuli hapa mjini, nimetokea bara lakini Zanzibar ndiyo nyumbani sasa. Mwanzisha uzi ametukaribisha, basi naingia.

Kwetu zaburi ya hatari ni ile ya 91. Inasema Mungu atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote, watakuchukua mikononi usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Wakristo wengi wanaikariri wakipanda boti, na mimi nikiwemo. Lakini katika Injili ya Mathayo sura ya 4, anayeinukuu zaburi hiyo ni Shetani. Anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia jitupe, imeandikwa malaika watakupokea. Andiko ni lile lile. Yesu anajibu: usimjaribu Bwana Mungu wako. Kila nikisikia mtu anamsukuma mwenzake kwenye hatari kwa kutumia andiko, nakumbuka nani alitangulia kufanya hivyo.

Na kwa kuwa mazungumzo ni ya bahari, someni Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa ndani ya merikebu. Msimu wa kusafiri ulikuwa umekwisha, akawaonya wasiondoke. Akida, mkuu wa askari waliomlinda, akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. (Mwenye chombo ana haraka na mzigo wake. Na sisi tunawajua.) Dhoruba ikawakamata wiki mbili. Katikati yake Paulo anasema malaika amemwambia hatakufa hata mmoja. Walikuwa watu 276. Ahadi imeshatolewa, sivyo? Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mtumbwi usiku, Paulo huyo huyo akamwambia akida: hawa wasipobaki ndani ya merikebu, ninyi hamtaokoka. Askari wakakata kamba za mtumbwi.

Nimeifikiria sana sehemu hiyo. Ahadi ya Mungu ilikuwa pale pale, na bado ilihitaji mabaharia wakae kwenye kazi yao.

---

Kijana wa Chukwani

Mwalimu umenigusa hapo kwa mwenye merikebu. Naongeza moja la historia. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, mashamba yakawa uwanja. Pemba kikaikosa. Na ndipo karafuu ilipohamia Pemba, mpaka leo zao lenyewe liko huko. Sasa niambieni, Wapemba wa mwaka ule walikuwa wakisali zaidi ya Waunguja?

---

Pweza Mkavu

Ndiyo.

---

Bi Mlandege

Huyu Pweza tutamtia mchuzi.

Mtoto wa Kangani, mie ni mama wa watu wazima, nisikilize. Unayemfikiria hapa ni mama yako na maneno yake. Mie namfikiria mkeo, maana ndiye atakayekuwa na kitoto kifuani huku boti inaruka. Katika Al-Qasas hiyo hiyo aliyoitaja ustadh yumo mama wa Musa. Kaambiwa mnyonyeshe, ukimkhofia mtie mtoni, usiogope wala usihuzunike, tutamrejesha kwako. Ahadi imetoka kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Na aya zinazofuata zinasema moyo wake ulikuwa mtupu, alikaribia kudhihirisha siri lau Mola hakumtia nguvu. Kisha akamwambia dada yake Musa: mfuate. Akamtuma binti akatazame kwa mbali kisanduku kinakwenda wapi!

Mama mwenye ahadi ya Mungu mkononi bado alituma mtu akaangalie. Na hakuna aliyemwambia imani yake imepungua.

Lakini nami nitakwambia upande wa pili, maana naona khofu inasifiwa sana humu. Mwaka 1995 mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Popobawa, jini lililosemwa linavamia watu usiku, alianzia Pemba akaja Unguja. Majumba mazima watu wanalala nje, mikeka imetandikwa uwanjani, moto unawashwa mpaka alfajiri, kila mtu anasimulia kilichompata jirani wa jirani. Watu wakaogopa vyumba vyao wenyewe. Na katika khofu ile, mgonjwa wa akili mmoja aliuliwa na kundi la watu hapa mjini kwa kudhaniwa ndiye. Masikini ya Mungu hakuwa na kosa lolote. Waliompiga walikuwa watu wa kawaida, wengine wamesoma chuoni, Falaq na Nas wanazijua. Usiku ule hawakukumbuka kujikinga na shari ya nafsi zao.

Basi khofu nayo ipimwe. Ipo inayokwambia tazama kamba za chombo, na ipo inayokwambia shika jiwe.

---

Nahodha Mstaafu

Nimeitwa na mjukuu wangu nije nisome, ati nyie mnazungumza bahari. Nitasema la bahari, dini nawaachia wenyewe.

Kijana, kwanza ujue unachokiogopa. Ukitoka Malindi kuelekea Mkoani wakati wa kusi, mwanzo wote unakwenda upande wa magharibi wa Unguja. Kisiwa kinakukinga, bahari laini, watu wanakula biskuti na kuchekeana. Ukipita ras ya Nungwi kinga imekwisha. Sasa upo baina ya visiwa viwili, na wimbi la bahari kuu linatoka kusini mashariki linapita katika uwazi ule. Chombo kinaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo wimbi linakupiga ubavuni. Ndiyo maana boti inalala upande na kuinuka, na ndiyo maana watu wanatapika pale pale kila siku. Ni jambo linalotarajiwa, si alama kwamba mnazama. Chombo kizima, kilichopakia sawasawa, kinalala na kurudi. Mwambie mkeo hivyo mapema, maana asiyejua akisikia chombo kinalala mara ya kwanza anaona ndiyo mwisho.

Kaskazi ina tabu yake nyengine. Mkondo wetu huku unakwenda kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kaskazi unapokuja kinyume chake, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Wapo mabaharia wanaoliogopa hilo kuliko wimbi refu la kusi.

Kinachozamisha watu sana ni uzito. Chombo kikipakia kupita kiasi kinakaa chini mno majini, na kikilala hakirudi upesi. Maji yakiingia kwenye sitaha ya magari na mizigo hayatulii, yanakimbilia ule upande uliolala, uzito wote unakwenda huko, na mizigo isiyofungwa inafuata. Baada ya hapo nahodha hana la kufanya, awe walii au mlevi. Usiku ule wa 2011 kuamkia tarehe 10 chombo kilikuwa kimejazwa watu na mizigo kuliko kilivyotakiwa. Wapo abiria waliokiona gatini wakakataa kupanda. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, meli ya Skagit ikitoka Dar ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali wa kusi, mwezi huu huu unaotaka kusafiri.

Basi fanya hivi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatangaza upepo na urefu wa mawimbi kila siku. Wakitoa tahadhari, usiende. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 vyombo vilisimamishwa na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa safari. Chukua safari ya asubuhi. Kaeni chini na katikati ya chombo, huko juu na mbele ndiko kunakorusha. Ukikalia kiti, kabla ya kufungua mkate, tafuta jaketi za kuokolea ziko wapi, na uulize ya mtoto mdogo, maana ya mtu mzima inamvuka kichwani. Ukiona watu wamekaa kwenye ngazi na njia zimezibwa na magunia, teremka. Nauli si roho.

Kisha soma tuliyofundishwa na wazee wetu, aliyosema Nabii Nuhu kwenye Safina: Bismillahi majraha wa mursaha. Sijawahi kuondoa chombo bila ya hiyo.

---

Mtoto wa Kangani

Babu, Allah akupe umri. Hilo la wimbi la ubavuni sikulijua, na nimevuka tangu utotoni. Hapo kwa jaketi ya mtoto mke wangu amesoma mara mbili.

---

Binti Konde

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Sikutaka kuandika.

Kaka yangu mkubwa alikuwemo 2011. Hakuonekana. Nyumba yetu haikuzika mtu, tulisoma khitma tu.

Kuna neno watu wanalisema na naomba mlitazame kabla ya kulitoa. Wanaopona wanasema "Mungu alinilinda". Ni haki yao, wamshukuru Mola wao. Zaidi ya watu 600 waliokolewa na kila mmoja ana kisa, nani alishika godoro, nani alishikana mikono na mwenziwe mpaka asubuhi. Lakini lilikuwa likisemwa sebuleni kwetu, mama yangu amekaa hapo. "Fulani Mungu kamlinda, alikuwa mtu wa dini sana." Na mwanangu? Mama hakuuliza kwa mdomo, lakini nilimwona. Kaka yangu alikuwa anasalisha tarawehe msikitini kwetu mwezi ule ule.

Mtoto wa Kangani, mama yako hakukosea kukwambia usome Ayatul Kursi. Ila ukizama hakuna mtu mwenye haki ya kusema hukuisoma vizuri.

Na wale waliokataa kupanda, aliowataja mzee Nahodha. Kuna mtu alituambia wale walikuwa na wasiwasi na wasiwasi unatoka kwa Shetani. Mie nikasema moyoni, kama wasiwasi ule ndio uliowateremsha, basi huwezi kujua Mola alimtuma nani kuwateremsha.

---

Bi Mlandege

Allah amrehemu kaka yako mwanangu. Amlaze pema.

---

Mwl. Mkunazini

Pole sana dada. Nimeyasoma maneno yako na nitayapeleka kanisani Jumapili bila kukutaja. Hata kwetu hilo linasemwa, na mbele ya wafiwa.

---

Ustadh wa Kiuyu

Binti Konde, Allah akujazeni subira. Umesema lililonifanya niache kitabu nilichokuwa nimekifungua.

Katika Bukhari na Muslim Mtume (SAW) amewahesabu mashahidi, akamtaja aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo, aliyeangukiwa na jengo, na aliyezama majini. Kaka yako tunamtarajia humo, inshallah. Wala sikupi hadithi hii ili uchungu uondoke. Yaaqub alikuwa nabii, akalia mpaka macho yakawa meupe.

Juu ya waliopanda na wasiopanda, kipo kisa cha Omar bin Khattab (RA). Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika pahala paitwapo Sargh, akaambiwa tauni imeingia. Ni ile tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Akashauriana na watu, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, jemadari wake, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza: "Unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Omar akajibu: "Naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwendea kadari ya Mwenyezi Mungu." Hapo ndipo Abdurrahman bin Auf alipokuja na hadithi ya Mtume: mkisikia maradhi haya yako mahali msiyaendee, na yakishuka mlipo msitoke kuyakimbia. Omar akamshukuru Mola akarudi.

Hapa ndipo wengi wanaposimama wakisimulia, kwa sababu jibu la Omar ni tamu. Mie huendelea mbele. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake Sham, na tauni ile ikamuua. Omar akaishi miaka mingine, na mwisho akauliwa kwa jambia ndani ya msikiti, yuko katika Sala ya Alfajiri. Mmoja alirudi nyuma, mmoja alibaki na watu wake. Waislamu hatujapata kusema kwamba mmoja kati yao imani yake ilipungua, wala kwamba Mola alimlinda huyu akamwacha yule.

Ndiyo nasema, tukisema "Allah atanilinda" hatujui umbo la ulinzi huo. Huenda ni chombo kufika. Huenda ni kuteremka kabla hakijaondoka. Huenda ni kuwa wake hata kisipofika. Anayekuahidi la kwanza peke yake amekuahidi asichomiliki.

---

Pweza Mkavu

Ustadh, sina mzaha leo. Binti Konde, pole sana dada yangu. Lile neno langu la mwanzo la siku kufika naliona sasa lilivyo mbele ya mtu aliyefiwa.

---

Kijana wa Chukwani

Naomba niulize jambo la pembeni. Binti Konde, mlioko nchi kavu mkisubiri chombo mnafanya nini na khofu? Mie mke wangu anauguza mzazi wake Wete, anavuka kila mara. Nikisikia upepo usiku silali, na hapa hapana jaketi ya kutafuta wala mahali pa kukaa. Nipo tu.

---

Binti Konde

Mama yangu tangu mwaka ule ana utaratibu wake. Akijua mmoja wetu yuko baharini hapigi simu. Anasema simu isipopokewa inamtia wazimu, na kule katikati mtandao wenyewe hamna. Anatia udhu, anasoma Yasini, kisha anashika kazi. Anapepeta mchele, anafua. Akimaliza kazi na hakuna habari anaanza nyengine. Siku moja nilivuka na boti ikachelewa, nilipofika nyumbani nilikuta kafua mapazia yote.

Anamtegemea Mola, na mapazia pia yanamsaidia. Sioni ubaya.

---

Kijana wa Chukwani

Nitaanza kufua basi.

---

Mtoto wa Kangani

Wapendwa, nakushukuruni nyote. Nilimpigia mama tena nikamsomea alichoandika Nahodha na Binti Konde. La ustadh la Omar alikuwa analijua kuliko mie, alisomeshwa chuoni Kengeja. Kumbe alikuwa anaogopa kwamba nikianza kukacha kusi hii nitakacha zote, na wajukuu wake watakuwa wageni Pemba. Imani yangu haikuwa kwenye hesabu yake. Nikamwambia angesema hivyo tangu mwanzo.

Tutakwenda asubuhi, siku tatu kabla ya harusi, ili tahadhari ikitoka tuwe na nafasi ya kungoja. Ikitoka siku zote tatu, nitaangalia nikahi kwenye simu. Jaketi ya mtoto tumenunua yetu.

---

Bi Mlandege

Umefanya la maana. Chukua na ndimu na tangawizi, na mwambie mkeo asipande na tumbo tupu.

---

Mwl. Mkunazini

Kabla uzi haujapoa, nina swali kwa mzee Nahodha. Katika miaka yako yote, umewahi kukataa kung'oa nanga abiria wakiwa wameshapanda? Nauliza kwa sababu ya yule akida wa Matendo. Nataka kujua inakuwaje kwa anayeamua.

---

Nahodha Mstaafu

Nimekataa, mwalimu. Mara moja ninayoikumbuka vizuri ilikuwa kusi kama hii, jioni, chombo kimejaa, na mwenye chombo keshanipigia kelele mara mbili. Niliitazama bahari nje ya bandari na mizigo ilivyopangwa, nikasema hatuondoki mpaka kesho na nusu ya magunia yateremke.

Wenye magunia walikasirika, hilo nililitarajia. Walionichosha ni watu wa dini. Mtu mmoja mzima, ndevu nyeupe, alisimama mbele yangu akanambia, "Nahodha, huna tawakkul? Kwani anayevusha ni wewe?" Na watu nyuma yake wakaitikia. Nikamwambia, "Shekhe wangu, anayevusha ni Mwenyezi Mungu. Lakini asubuhi watakaokuja kuuliza watu wako wapi watakuja kwangu, na Kiyama pia nitaulizwa mie." Akasema mie naogopa. Nikamwambia ndiyo.

Wakalala gatini. Wanawake tukawapa pahala pa kulala ndani ya chombo na watoto wao, tukachemsha chai. Alfajiri yule mzee mwenyewe ndiye aliyesalisha, na mie nilikuwa safu ya pili nyuma yake. Tukaondoka jua limetoka, bahari ilikuwa na wimbi lake la kawaida pale Nungwi, watu wakatapika kama kawaida yao. Mkoani wakateremka. Wapo walionishika mkono, wapo waliopita hawanitazami, na mwenye magunia mmoja kila tukikutana Darajani ananidai nauli ya siku ile.